Wanaonyonya Mchana

Hadithi hii niliwahi kuiharibu. Niliisimulia kwenye sherehe ya ubatizo pale Same, mbele ya sahani za pilau, na kwa vile mimi nikishashiba mdomo hautulii, niliisimulia kwa kuchekesha. Watu wakacheka kweli. Nilipofika katikati, mama mmoja aliyekuwa na mtoto kifuani akajifunga kanga, akambeba mtoto, akaondoka na soda yake haijafika nusu. Hapo ndipo nikajua nimeharibu. Leo naenda taratibu. Panapochekesha mtacheka wenyewe.

Fortunata alikuwa karani wa ghala la tangawizi, juu milimani. Ghala la ushirika, mabati yamezeeka, limejikunyata chini ya gema kama kuku anayekwepa mvua. Wakulima wanashusha magunia, Rubeni anapima kwenye mizani, Fortunata anaandika. Kazi ndiyo hiyo. Ukikaa pale wiki moja unanuka tangawizi mpaka kwenye kope. Kanisani, watu wa benchi la mbele wanajua umeingia kabla hawajageuka.

Likizo ya uzazi ilipoisha, alimwacha mtoto wake Elinaza kwa mama mkwe, Mama Dorkas, nyumbani kwao, ng'ambo ya bonde. Kushuka ghalani ni mwendo. Kupanda kurudi ni mwendo na adhabu. Sheria inampa mama anayenyonyesha saa mbili kila siku, na meneja wake, Mzee Abednego, hakumnyima. "Chukua saa zako mbili, binti, hizo ni haki yako." Ila kwa ile milima, saa mbili zinatosha kufika nyumbani ukihema, kumpungia mtoto mkono, na kugeuka.

Mumewe, Loth, alikuwa fundi wa malori Same mjini. Alipanda kila Jumamosi, amebeba vumbi la kule chini mpaka ndani ya masikio.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini Fortunata alihangaika vile. Elinaza alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa mdogo, ngozi imelegea kama soksi ya kuazima. Sista Blandina wa zahanati alimwambia Fortunata waziwazi: "Huyu dawa yake ni ziwa lako. Kopo halitamfaa, maziwa ya ng'ombe ndiyo kabisa. Ukimnyonyesha utampata." Fortunata akashika neno hilo kwa mikono miwili. Kazi hawezi kuacha, mtoto hawezi kumwachisha. Atafanya vyote.

Akapanga. Alfajiri anamnyonyesha, anakamua, anaacha kikombe kimefunikwa. Mchana anakamua ghalani, jioni anarudi na chupa. Mpango mzuri, ungeweza kuusomea cheti.

Siku ya kwanza akarudi na chupa yake. Mama Dorkas akachota kijiko, akampa mjukuu. Elinaza akakunja uso kama mzee wa kanisa aliyeng'ata pilipili, akatema yote kwenye kanga ya bibi.

Mama Dorkas akanusa chupa. "Mwanangu, haya ni maziwa au ni chai?"

"Maziwa, mama."

"Basi yamelala na tangawizi mpaka yameoana."

Walijaribu kila njia. Akafunga chupa kwenye nailoni, akaifunika kwa kitambaa, akaiweka kwenye beseni lenye maji. Harufu ikaingia vilevile. Ikabidi yale ya mchana yamwagwe. Na kukamua ni lazima, asipokamua matiti yanakuwa magumu kama viazi na homa juu.

"Ila usiyamwage njiani," Mama Dorkas akamwonya. "Watu watayakanyaga, na siafu wakiyapata ziwa litawaka moto. Tafuta jiwe safi, uyaweke hapo, jua liyanywe. Wanawake wa nyumba hii ndivyo tulivyofanya siku zote."

Fortunata alikuwa amesoma masomo ya ushirika mpaka akapewa joho, lakini mambo ya ziwa hakubishana na mwanamke aliyelea watoto saba wakakua wote.

Akalitafuta jiwe. Nyuma ya ghala kuna kinjia kinachopita kwenye migomba, kinakwenda kuishia kwenye gema. Juu ni mwamba mtupu, mrefu, ukiutazama sana shingo inauma. Chini yake kuna jiwe bapa, limelala kwenye kivuli, na katikati ya jiwe kuna kijishimo, ukubwa wa kikombe. Laini ndani. Si laini ya maji ya mvua; laini ya kitu kilichotumika, kama sufuria ya bibi. Fortunata akaona ni jiwe safi kuliko yote aliyoyaona. Akakamua mle mle. Kijishimo kikajaa mpaka mdomoni, hakikumwagika hata tone.

Rubeni alikuwa anamngoja mlangoni. Yeye na Loth walisoma pamoja, kwa hiyo Fortunata ni shemeji yake, na utani haukuwa na likizo.

"Shem, kila ukitoka huko unarudi umechangamka. Umeficha ng'ombe?"

"Nimeficha mke wako, amechoka na maneno yako."

"Mwambie asirudi. Nimeshazoea raha."

Kesho yake kijishimo kilikuwa kitupu. Hilo si ajabu. Ila maziwa yakikauka juani yanaacha utando, yanaacha harufu kali, yanaleta inzi. Pale hapakuwa na utando. Hapakuwa na inzi wala sisimizi mmoja. Na lile jiwe halipigwi jua hata kidogo, lilikuwa kivulini toka asubuhi.

"Paka," alisema Rubeni alipoulizwa.

"Paka gani? Panya wa humu wamenenepa, paka wa mwisho alihama mwenyewe."

Wakacheka, magunia yakaendelea kushushwa.

Baada ya hapo maziwa yakaanza kujipangia ratiba. Saa sita ikikaribia, hata kama Fortunata yuko katikati ya kumhudumia mkulima, yanamjia. Yanakuja kwa nguvu, kifua kinawaka, blauzi inalowa, ikabidi avae sweta kwenye jua. Akifika kwenye jiwe hana haja hata ya kukamua. Akiinama tu yanashuka yenyewe. Kijishimo kinajaa na yeye bado anatiririka, na yale yanayofurika hayafiki ardhini. Aliwahi kuyatazama. Yalitelemka ukingoni mwa jiwe, yakaishia hapo, kama mtu amekinga mdomo.

Nyumbani ikawa kinyume. Jioni Elinaza analishika ziwa kwa hamu, ananyonya kidogo, anaachia, anamtazama mama yake. Anajaribu jingine. Anaachia. Halafu analia. Kile kikombe cha alfajiri kikawa nusu, kikawa robo, mwisho kikawa cha kulowesha kidole.

Mama Dorkas akaleta vita vya jikoni. Uji asubuhi, uji jioni, makande yenye maharage mengi kuliko mahindi, supu ya kuku aliyekuwa hajapangiwa kufa. "Kula, mama Elinaza. Huli vizuri." Fortunata akala mpaka akawa anapanda mlima kama gunia lake mwenyewe. Maziwa yakaongezeka kweli. Yakaongezeka saa sita mchana.

Akampeleka mtoto zahanati. Sista Blandina akamning'iniza kwenye mizani, akatazama, akatazama tena, uso ukabadilika.

"Anapungua, Fortunata. Huyu hana akiba ya kupungua."

"Maziwa hayatoki, Sista. Yaani yanatoka, lakini siyo kwake."

"Sikiliza. Mwili wa mama hauna mambo mengi. Unatengeneza kwa ajili ya anayenyonya, na unatengeneza saa anayonyonya. Wewe yanajaa saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Yanajaa hadi yanauma."

"Na saa hizo mtoto yuko kwa bibi."

"Ndiyo."

Sista Blandina akatabasamu, akimvisha Elinaza kofia yake. "Basi kuna mtu mwingine ananyonya mchana."

Alikuwa anatania. Fortunata alitoka pale akiwa na baridi mgongoni, na jua lilikuwa kali.

Wiki iliyofuata akaamua: haendi kwenye jiwe. Yajae, yaume, atavumilia, mwili utajifunza. Saa sita ikafika, ukungu nao ukashuka kutoka juu kama unavyoshuka msimu ule, mchana kweupe, ukaingia mpaka mlangoni. Hakukuwa na mkulima. Rubeni alikuwa amelala chali juu ya magunia, anaimba vibaya. Fortunata alikaa mezani kwake, amekunja mikono kifuani, meno ameyakaza.

Rubeni akaacha kuimba.

"Shem. Nani kaleta mtoto humu?"

"Mtoto gani?"

"Si unasikia?"

Alikuwa anasikia. Haikuwa kilio. Wenye watoto mnaujua ule mlio: mtoto amelala pembeni yako, hajafumbua macho, mdomo wake unatafuta. Unabana na kuachia, unabana na kuachia, na pumzi fupi fupi za puani. Mlio mdogo kabisa. Ulikuwa unatoka ukutani, upande wa nyuma. Kisha ukatoka na upande wa mlango. Kisha chini ya meza. Midomo mingi, hailii, inatafuta tu.

Sweta la Fortunata likalowa mpaka kwenye mapaja.

Rubeni alishuka kwenye magunia bila kusema neno, na kwa Rubeni hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu. Akafungua mlango, akasimama nje kwenye ukungu, akampa mgongo. "Nenda, shem," alisema kwa sauti ndogo. "Popote unapokwendaga. Nenda, wanyamaze."

Akaenda.

Jioni ile alimkuta Mama Dorkas barazani anapukuchua maharage. Hakupitia hata chumbani. "Mama, wakati ule uliponiambia jiwe safi, ulikuwa unasema jiwe gani?"

"Jiwe lolote. Kwani wewe unatumia lipi?"

"La nyuma ya ghala. Lile bapa, chini ya gema. Lina kijishimo."

Maharage yakamwagika. Mama Dorkas hakuyaokota. Alikuwa mwanamke wa kwaya, sauti ya kwanza, hadithi za zamani alizikataa hata kwenye misiba.

"Vigego unavijua," alisema.

"Watoto wanaoanza kuota meno ya juu. Nimesikia."

"Umesikia walivyofanywa?"

"Nimesikia, mama."

Watu wa kule wote wamesikia. Mtoto akianza na meno ya juu alihesabiwa ni balaa kwa ukoo, na alipelekwa kwenye mwamba, na hakurudi. Ni ya zamani, yaliisha, hakuna anayependa kuyasema mbele ya chai.

"Watu wanasimulia mwamba," Mama Dorkas akasema. "Hakuna anayesimulia mama zao. Mtoto anachukuliwa asubuhi, jioni ziwa limejaa. Ziwa halijui. Utayapeleka wapi yale maziwa? Wakawa wanashuka pale chini, kwa kificho, wanakamua kwenye jiwe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mmoja pale. Wa kike. Jina alikuwa hajapewa."

"Mama. Na wewe ukaniambia jiwe."

"Nilikwambia jiwe safi! Mimi nilijua utafanya hapo hapo penye magunia, juani, kama watu. Lile nani alikutuma?" Kisha sauti ikamwisha. "Nisamehe, mwanangu. Kitu unakifanya miaka yote, unasahau kilitoka wapi."

"Bibi yako aliachaje?"

"Kila mama alikwenda kumwomba wa kwake. Anamwambia, mwanangu, inatosha, nina mwingine nyumbani. Bibi alisema wanasikia. Ukiwa mama yake anasikia." Akamtazama mkwewe, macho yamelowa. "Sasa wewe huna wako pale. Mama zao walishakufa wote. Sijui watamsikiliza nani."

Fortunata hakutaka kuomba mtu. Alikuwa na hasira ya mama ambaye mtoto wake anapungua. Alijua njia moja ya kumwachisha mtoto, ile inayojulikana na kila mwanamke: unapaka kitu kichungu kwenye ziwa, anaonja, anakunja uso, basi. Na yeye alifanya kazi kwenye ghala la tangawizi. Kesho yake akachagua mizizi mikali kuliko yote, akaiponda, akaishindilia kwenye kile kijishimo mpaka ikafura. Akapaka na ukingo wa jiwe. Macho yalimtoka machozi kwa ukali wake. "Haya," akasema. "Nyonyeni hiyo."

Siku iliyofuata saa sita ikapita. Hakukuwa na mlio. Kifua chake kilitulia, kilijaa kawaida, kama cha mtu yeyote. Rubeni akaanza kuimba tena, na Fortunata akamwambia anaimba kama fisi aliyekabwa na mfupa, wakacheka mpaka Mzee Abednego akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Alipanda mlima jioni karibu anakimbia. Matiti yalikuwa mazito, ya Elinaza, yote ya Elinaza.

Akakaa, akamweka mtoto kifuani.

Elinaza akagusa kwa ulimi. Akakunja uso. Akageuza shingo, akafumba mdomo.

Fortunata akaoga kwa sabuni. Akajikanda kwa maji ya moto. Akabadili nguo zote. Mtoto akakataa. Akamkamulia kwenye kikombe, akatema. Hata maji ya kijiko yalitoka pembeni mwa mdomo. Hakulia, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alilala tu mikononi, amegeuzia uso ukutani, mdomo umefumbwa kama mtu aliyeudhiwa. Kulipokucha midomo yake ilikuwa mikavu, na pale utosini, panapopigapiga kwa watoto, palikuwa pamebonyea.

Mama Dorkas alipaona. "Wamenyonya ziwa moja," alisema taratibu. "Ni ndugu sasa. Ukimwachisha mmoja umewaachisha wote."

"Nampeleka Same, hospitali. Nimempigia Loth, anapanda na gari."

"Mpeleke. Wamtundikie maji, ni sawa. Lakini maji si ziwa, na huyu, Sista alishasema dawa yake ni nini. Gari linapita pale pale ghalani. Pitia kwanza."

Wakateremka wote wawili, mtoto mgongoni mwa mama yake. Ukungu ulikuwa umetangulia. Rubeni alikuwa kwenye mizani. Alimwona Fortunata, akamwona mtoto, akavua kofia. "Shikamoo mama," alimwambia Mama Dorkas, na Mama Dorkas akasahau kuitikia. Kwenye migomba mama mkwe akasimama.

"Mimi naishia hapa."

"Mama, tafadhali."

"Kuna wa bibi yangu pale. Hajapewa jina, na sisi wote wa baada yake tulipewa. Nikifika atauliza. Nenda, mwanangu. Waambie kama unavyowaambia watoto."

Fortunata akaenda peke yake. Jiwe lilikuwa limelala kivulini kama siku zote. Tangawizi haikuwepo. Kijishimo kilikuwa kimepanguswa, kimekauka, kinang'aa, na kwenye ukingo, pale alipopaka kwa mkono wake, kulikuwa na alama ndogo ndogo zimekwaruza tangawizi yote ikatoka. Mbili mbili. Za meno ya juu.

Akakaa chini. Akamshusha Elinaza, akamlaza mapajani, akafungua vifungo vya blauzi. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Alifumbua macho kidogo, akayafumba.

Ndipo mlio ukaanza. Karibu. Ulitoka kwenye majani, ukatoka kwenye mwamba, ukatoka nyuma ya bega lake kabisa, mpaka akasikia pumzi ndogo, ya vuguvugu, kwenye shingo. Hakugeuka. Maziwa yakamshuka, yakadondoka juu ya jiwe, juu ya shavu la Elinaza.

"Samahani kwa ile tangawizi," alisema. Sauti ilimtoka ya kawaida, ya nyumbani, ile anayoitumia jikoni. "Ilikuwa kali. Nilikosa adabu. Nilikuwa na hofu na mtoto wangu."

Mlio ukapungua.

"Mama zenu nasikia walikuwa wanakuja hapa. Mimi si mama yenu, lakini mmenyonya kwangu, basi nitakuja. Kila mchana nikiwa kazini nitakuja, sitawanyima. Ila nyinyi ni wakubwa. Mmekaa hapa siku nyingi, mnajua kuvumilia. Huyu ni mdogo wenu. Anaitwa Elinaza. Hajui kuvumilia."

Mlio ukakoma kabisa. Hata majani ya migomba yalitulia, na kutoka huko ghalani hakusikika Rubeni wala gunia. Palikuwa na ule ukimya wa watoto wengi waliosimama pamoja mbele ya mtu mzima, wanatazamana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Barabarani, mbali chini, gari la Loth lilikuwa linapanda, linabadili gia.

Fortunata akainua kichwa cha Elinaza, akakisogeza kwenye ziwa. Mdomo ulikuwa bado umefumbwa.

"Mruhusuni," akasema. "Wanangu, naomba mumruhusu anyonye."